Jina Lililotoka Ubaoni

Caney Bottom, Kentucky
21 Februari 2021

Mdogo wangu Arlie,

Naomba barua hii ikukute unapumua vizuri na umekula kitu cha moto. Sisi huku tunamshukuru Mungu, wote wawili. Mama amepata chanjo yake ya kwanza ya korona. Mkono ulimvimba, akanitangazia kwamba serikali imemtia maji ya betri, kisha kesho yake akaamka akaoka mkate wa mahindi. Barafu iliangusha mti wa jirani juu ya nyaya tukakaa gizani karibu wiki nzima, tukipikia jiko la kuni kama bibi. Goti langu ni lile lile. Ndizo habari zetu.

Nimekupigia simu hupokei, basi nimerudi kwenye kalamu. Sikulaumu. Mimi mwenyewe kwa simu nasema haraka na kulia mapema.

Jambo lenyewe ni hili: kituo chetu cha televisheni kinafungwa. Serikali imesema vituo vidogo vyote vinavyorusha kwa mtindo wa zamani vizime kufikia katikati ya Julai, na anayetaka kuendelea anunue mitambo mipya. Wazee wa kanisa walikaa, wakasali, wakatazamana. Nilijua jibu kabla hawajavua kofia. Kwa hiyo Chaneli 8 ya baba, na antena yake aliyoipandisha mlimani kwa nyumbu wa kuazima, mwisho wake ni kiangazi hiki.

Najua watu wa huko wangecheka. Kituo gani hicho ambacho mawimbi yake hayavuki kona ya pili baada ya daraja? Lakini Arlie, mwaka huu mzima kanisa lilipofungwa kwa ajili ya korona, watu walisali kwa chaneli hiyo, wamekaa sebuleni kwao na viatu vya Jumapili miguuni. Matangazo ya misiba ya saa sita mchana hakuna aliyeyakosa. Sasa sijui tutajuana vipi.

Nilitaka ulisikie kwangu kwanza. Kama kuna kitu cha studio unachokitaka, sema nikuwekee.

Mama hajaniuliza kama nakuandikia. Ila amepita nyuma yangu sasa hivi na kikombe chake, akasema, "Huyo unayemwandikia, mwambie nimechanjwa." Basi nimekuambia.

Dada yako,
Noreen


Elko, Nevada
14 Machi 2021

Dada Noreen,

Barua imefika. Mimi mzima. Kazi ipo, bado naziba matairi ya malori ya mgodi, tairi moja linanipita kimo mara mbili. Baridi ya huku haina unyevu, inakata tu. Rudy tunayepanga naye nyumba amejifunza kupika maharage yetu, na anayaharibu kwa pilipili, na mimi nayala. Mwambie Mama hongera ya chanjo.

Pole kwa kituo. Sioni la kusema zaidi ya hilo. Baba angetukana kidogo, halafu angekwenda kupaka antena rangi.

Kitu cha studio sikitaki. Kuna kitu kimoja nataka kitoke.

Mwezi uliopita aliingia karakana dereva mmoja wa lori, anaongea kama watu wa kwetu. Nikamuuliza ni wa wapi, akasema mke wake ni wa Caney Bottom, kule darajani. Akasoma jina kwenye shati langu la kazi, akanitazama. "Stidham? Wewe siye yule Arlie wa ubaoni?" Hakuwa na nia mbaya, Noreen, alikuwa amefurahi kunipata. Alisema mama mkwe wake huniombea kila Jumapili, akishamaliza kuombea nyonga ya Bibi Ida.

Miaka tisa. Nilidhani jina langu lilishatoka zamani. Huu ni mwaka wa sita sijaonja pombe, na wewe unajua, na ulimwambia Mama. Na bado kila Jumapili bonde zima linasoma jina langu kwenye orodha ya wagonjwa.

Kituo kisije kikafa na jina langu likiwa juu. Litoe. Sitaki tangazo wala maelezo. Litoe kimya kimya, basi.

Arlie


Caney Bottom
11 Aprili 2021

Mdogo wangu mpendwa,

Kristo amefufuka, nasi tumeamka naye. Pasaka ilikuwa njema. Mama ametoka kwenda mlimani kuchimba vitunguu pori, na umri ule, na fimbo mkononi, amerudi ananuka kama kawaida ya Aprili. Tumevikaanga na viazi na mayai. Wenye chanjo wameanza kurudi kanisani, benchi moja watu wawili. Bibi Ida Combs amerudi pia, anasema nyonga imekuwa mbaya zaidi kwa sababu watu sebuleni wanasali kwa uvivu.

Nimefanya ulichoniomba.

Unajua kazi ile, uliifanya mwenyewe. Jumamosi jioni naketi studio na kopo la herufi za plastiki, nachomeka majina kwenye kile kitambaa cheusi, ubao mmoja wa wagonjwa, wa pili wa wafu wenye ua la karatasi pembeni. Jumapili kamera inapita juu yake polepole na kinanda kinalia. Jumamosi ya Pasaka nilichomoa jina lako herufi moja moja. Zile E na L za kwako zilikuwa zimeng'ang'ania, nikazitoa kwa kisu cha siagi. Nimezirudisha kwenye kopo na nyingine, na sasa hata mimi siwezi kujua zipi zilikuwa zako.

Mama sikumwambia. Ilipofika zamu ya ubao alikuwa kwenye kiti chake, kwa sababu mvua ilimzuia kwenda kanisani, nami nilikuwa nyuma ya kamera. Niliporudi nyumbani nilimkuta jikoni tu, ametoa tufaha zake zilizokaushwa, zile za keki ya wageni, na kuziloweka.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini sikulitoa miaka yote hii. Nadhani ni kwa sababu kila Jumamosi nilikuwa nalipangusa vumbi. Ilikuwa ndiyo barua yangu kwako wakati ule ulipokuwa hujibu.

Nakuombea, bila ubao.

Noreen


Elko
25 Aprili 2021

Dada,

Asante. Siku niliyosoma barua yako nilitembea kwa miguu kutoka kazini mpaka nyumbani, Rudy akadhani gari limekufa. Nilijisikia mwepesi.

Swali moja tu. Ulipolitoa, uliziba nafasi? Namaanisha, uliyasogeza majina ya chini yakapanda? Unaijua desturi ya baba. Nafasi ikiachwa wazi maana yake mtu amepona, na anakuja kusimama mwenyewe kanisani kushukuru, mbele ya kamera, ndipo nafasi apewe mwingine.

Niambie uliziba.

Arlie


Caney Bottom
23 Mei 2021

Mdogo wangu,

Tumepanda maharage, safu nne, na mahindi yameota. Mwenye duka la mbegu anakusalimu. Bomba la jikoni lilipasuka, nikalifunga mwenyewe kwa mpira wa ndani wa tairi, nikakukumbuka. Binti wa Mchungaji Hobart amejifungua mtoto wa kiume, mzito kama tikiti maji. Mama amekata nywele. Goti langu limetulia kidogo tangu joto lianze. Nadhani umeshaona kwamba nazunguka.

Sikuziba, Arlie.

Niliketi pale na majina mengine mkononi, tayari kuyapandisha. Halafu nikaona kitambaa. Taa za studio zimekipausha miaka yote hii, kimekuwa kama majivu, isipokuwa pale zilipokuwa herufi zako. Pale ni peusi kama siku baba alipokinunua. Jina lako lilikuwa limetoka na bado linasomeka. Mkono ukakataa kuweka mtu mwingine juu yake. Nikajiambia nani anatazama, ni ubao wa kituo kinachokufa.

Mama alikuwa anatazama.

Jioni ile ya Pasaka, tufaha zikiwa jikoni, aliniita, na hilo nilikuficha. "Noreen, nafasi ya Arlie iko wazi."

"Nimeiona, Mama."

"Najua umeiona, wewe ndiye uliyeiacha. Anakuja lini?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Kwamba uliniomba mwenyewe, kwamba huji. Nikatazama sakafu, naye akadhani nimekatazwa kusema, kwamba umepanga kumshtukiza. Akaniambia, "Basi sikuulizi tena," akaenda kumpigia simu Bibi Ida. Na ukishamwambia Bibi Ida huna haja ya kituo cha televisheni.

Sasa bonde zima linakungoja. Mchungaji Hobart amepanga uwe wa mwisho kabisa, Jumapili ya tarehe kumi na moja Julai, siku tunayozima. Anasema hakuna kufunga kuzuri zaidi ya huko. Bibi Ida kanishika mkono mlangoni pa kanisa: "Mwambie huyo aliyeniua nikiwa hai kwamba nitakaa benchi la mbele nimtazame vizuri." Alikuwa anacheka, Arlie. Ile Jumapili uliyokuja umelewa ukasoma ubao wa wagonjwa badala ya ubao wa wafu, naye ameshika kikombe cha kahawa akisikia saa ya mazishi yake, sasa ameigeuza hadithi ya kuwachekeshea wajukuu. Anasema majirani watatu walimletea vyakula, na hakuvirudisha.

Ningeweza kumwambia Mama ukweli. Kila asubuhi nafungua mdomo. Jana nilimkuta anapiga pasi shati jeupe la baba, uje ulivae siku hiyo, nikafunga mdomo nikaenda kuwapa kuku chakula.

Njoo. Jumapili moja tu. Simama, sema neno moja, ukae. Umepona kweli, si uongo unaoombwa kusema. Mama ana miaka themanini na mbili.

Noreen


Elko
20 Juni 2021

Dada Noreen,

Samahani kwa kuchelewa. Jino lilinisumbua, la nyuma, uso ulivimba nikashindwa hata kufikiri. Ukiona mwandiko umepinda ni hilo. Kazini nimepewa siku za kupumzika. Joto limekuwa kali. Rudy anakusalimu, anasema mimi ni mtu mgumu kuishi naye siku hizi, usimsikilize.

Nimekata tiketi ya basi. Natoka Alhamisi tarehe nane, Jumamosi jioni nitakuwa Lexington, na kutoka hapo lile basi dogo la kuja kwetu.

Sijui nitasema nini pale mbele. Mtu anasema nini? Niliwahi kuwashikia kamera watu wengi wakishukuru, sasa sikumbuki hata mmoja alisemaje, nakumbuka viatu tu, wote walikuwa wanaangalia viatu.

Mwambie Mama shati la baba litanibana.

A.


Caney Bottom
12 Julai 2021

Arlie,

Tuko hai. Mama amekula asubuhi hii. Sina habari nyingine za kutanguliza.

Jumamosi nilikwenda mjini kulipokea lile basi dogo. Wakashuka wanawake wawili na mwanajeshi. Dereva akaniambia hakuna mwingine, nami nikapanda ndani nikatazama viti, kama vile ungekuwa umejificha. Nikampigia Mama kwamba basi la Lexington limechelewa, labda utafika usiku na gari la mtu. Taa ya barazani ilikaa inawaka mpaka asubuhi.

Kanisa lilijaa. Watu walikaa mpaka kwenye ngazi, waliochanjwa na wasiochanjwa, Mungu atuhurumie. Wale wa ng'ambo ya mto waliobaki nyumbani walikuwa kwenye televisheni zao kwa mara ya mwisho. Mimi nilikuwa kwenye kamera. Mama alikaa benchi la mbele, gauni la bluu, Bibi Ida kulia kwake, na kushoto ameweka mkoba wake kukushikia kiti.

Nilipitisha kamera kwenye ubao. Nilikuwa nimeacha nafasi. Ningefanyaje?

Mchungaji akauliza kama yuko mwenye shukrani. Watu wakaangalia mlango. Akauliza tena, kwa sauti ya chini. Nilikuwa nimekishika kile kipini cha kamera, nikajiambia nikate, niweke picha ya msalaba, nani atajua.

Mama akasimama.

Alishika benchi kwa mkono mmoja. Akasema, "Mwanangu yuko njiani. Njia ni ndefu na yeye hajawahi kuwa mtu wa haraka, hata kuzaliwa alichelewa wiki mbili. Nasimama badala yake. Namshukuru Mungu kwa Arlie." Watu wakacheka kidogo pale pa kuzaliwa, wakaitikia amina. Hakuangalia viatu, aliangalia kamera, yaani mimi. Kisha akakaa, akauchukua mkoba wake kutoka kwenye kile kiti, akauweka mapajani.

Bibi Ida hakusema neno la mzaha. Alimshika mkono mpaka wimbo wa mwisho.

Baada ya ibada nilipanda studio nikazima mtambo. Ulilia kidogo ukanyamaza. Nilidhani nitalia, sikulia, nilikuwa na hasira nawe kiasi kwamba nilisahau kumkumbuka baba.

Nyumbani Mama aliketi mbele ya televisheni, ile mvua nyeupe inachezacheza. Akaniuliza, "Yuko njiani kweli, Noreen?"

Nikasema, "Sijui, Mama."

"Hilo ni jibu la kwanza la kweli ulilonipa tangu Pasaka."

Simu yako hata kuita haiiti. Kama uko hai andika neno moja. Mengine tutayaacha.

Noreen


Elko
8 Agosti 2021

Dada Noreen,

Niko hai. Salamu kwako na kwa Mama. Rudy mzima. Kazi wamenirudisha, kwa masharti.

Nilifika Kansas City. Basi la pili lilikuwa la saa tatu baadaye. Ng'ambo ya barabara palikuwa na mahali. Hakuna zaidi ya hapo la kueleza, mengine unaweza kuyaona hata ukiwa huko. Nililala kwenye kituo cha basi mpaka siku ambayo haikuwa tena Jumapili. Rudy aliendesha gari kutoka huku mpaka kule kunifuata, hakunisema njia nzima, alinunua soda mbili kila tuliposimama.

Lakini nisikudanganye tena. Haikuanzia Kansas City. Jino halikuwepo. Ilianza Mei, siku niliyosoma barua yako. Siilaumu barua. Nililia nilipofika pale pa shati la baba, nikacheka pale pa Bibi Ida, halafu nikafikiria bonde zima limekaa linanitazama nikiwa mzima. Miaka ile sita nilikuwa mzima kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumwonyesha. Naamka, naenda kazini, narudi, sijanywa, nalala. Hakuna anayepiga makofi. Nilikuwa naiweza ile. Hii nyingine sikuiweza.

Sasa Mama amesimama mbele ya watu akashukuru kwa kitu ambacho hakikuwepo siku ile. Hilo ndilo linaloniamsha. Si watu. Yeye, na mkoba.

Ubao ungekuwepo ningekuambia urudishe jina. Sasa haupo hata huo.

Mwambie unachoona kinafaa. Mwambie naumwa, haitakuwa uongo. Nimeanza tena, siku ni chache bado, sizihesabu kwa sauti. Kuja sithubutu. Nikija watataka nisimame.

Nisamehe.

Arlie


Caney Bottom
29 Agosti 2021

Mdogo wangu Arlie,

Amani iwe nawe na huyo Rudy, ambaye Mama anasema akija hapa atalala kitanda cha wageni na hataosha hata kijiko. Maharage yamezaa mpaka tumechoka, tumeshajaza mitungi yote ya baba na ya kuazima. Bibi Ida amepata fimbo mpya ya chuma, anaipiga sakafuni watu wakimkatiza maneno. Goti langu halinisumbui.

Bonde limekuwa geni bila kituo. Mzee Cleon wa kinu alizikwa Jumatatu, na sisi tulisikia Jumatano, dukani. Watu kumi na wawili tu kaburini kwa mtu aliyesagia nchi nzima mahindi yake. Mama alikasirika akapika mkate akampelekea mjane ukiwa umechelewa, akaomba radhi mlangoni. Watu wanasema kuna kurasa za mtandao za kutazama misiba. Mama anasema hatatafuta waliokufa kwa kidole.

Barua yako nilimsomea yote. Ulisema nimwambie kinachofaa, na mimi tangu Pasaka nimejionea kinachotokea nikichagua kinachofaa. Tulikuwa barazani tunavunja maharage mabichi ya kupika. Nilisoma mpaka Kansas City, nikamtazama, mikono yake haikusimama. Nikasoma pale pa Mei. Akasema, "Rudia hapo pa kupiga makofi." Nikarudia. Ndipo akaweka bakuli chini.

"Mimi ndiye niliyemwandika," akasema. "Ile Jumapili, alipomzika Ida hewani. Kabla ya jioni nilikuwa nimeshampa Mchungaji jina lake. Nilidhani ndivyo mama anavyofanya. Baba yako aliniambia, 'Oma, ngoja wiki moja kijana apate kutazama watu usoni.' Sikungoja."

Nikamwambia ulikuwa upendo, Mama.

"Nani kasema haukuwa? Nilimwomba Mungu mbele ya watu. Ningemwomba chumbani. Mungu anafika chumbani, hahitaji antena." Akachukua bakuli, akaliweka tena. "Na mimi tena nikasimama Julai. Sikujifunza kitu. Niliona aibu ya kile kiti kitupu, Noreen. Nilisimama kwa sababu ya aibu yangu, si kwa sababu yake."

Hakulia. Unamjua. Alivunja maharage mpaka giza likaingia akawa anavunja kwa kupapasa, nami nikavunja naye.

Nami nina langu, Arlie. Ulinipa kazi ndogo, utoe jina kimya kimya. Ningesogeza majina matatu tu juu, ungekuwa mpaka leo unatembea kutoka kazini kwa miguu, mwepesi. Nililiacha lile doa jeusi kwa sababu nilitaka kuliona. Nilitaka uje, nikaacha kitambaa kiseme badala yangu. Nikiwa na kalamu mkononi, na nikiwa na mdomo.

Basi sasa nasema kwa mdomo. Nataka uje.

Mama naye ana ujumbe wake, na amenisimamia hapa kuhakikisha naandika kama alivyosema: "Mwambie asije kusimama. Aje akae tu. Jikoni, Jumanne, siku yoyote isiyo na kanisa. Akiwa amekunywa, aje amekunywa. Nina kahawa." Kisha ameongeza, "Na nisimwone amebeba shukrani."

Bibi Ida hajaambiwa. Kwa mara ya kwanza katika maisha ya Mama.

Sitakuuliza tarehe. Lile basi dogo la Lexington siku hizi hufika mjini kila Alhamisi alasiri badala ya Jumamosi, nami Alhamisi nakwenda mjini hata hivyo, kununua unga na chakula cha kuku. Nitakuwa naegesha gari upande wa pili wa barabara, penye kivuli. Nikiona hukushuka nitapakia unga wangu nirudi, sitakasirika, wala sitamwambia mtu kwamba nilikuwa natazama. Na Alhamisi itakayofuata unga utakuwa umekwisha tena.

Dada yako,
Noreen